Je, Wajua? Gwaride linalopita majini

Jijini Amsterdam, Uholanzi, gwaride kuu la Pride, sherehe ya fahari ya wapenzi wa jinsia moja, halipiti barabarani. Kwa kawaida Jumamosi ya kwanza ya Agosti, mashua zilizopambwa hupita mfereji wa Prinsengracht, watu wamejazana kingoni na madarajani. Desturi hii ilianza 1996.

Wapenzi wawili waliokuja kutembea wakitoka makumbusho ya Nyumba ya Anne Frank, hatua chache tu, huweza kukanyaga kumbukumbu nzito bila kujua. Ni Homomonument, iliyozinduliwa 1987: pembetatu tatu za mawe ya rangi ya waridi. Moja imeinuka, moja imelala sawa na ardhi, ya tatu inashuka kwa ngazi hadi majini, na hapo ndipo watu huweka maua. Umbo hilo si pambo. Wanazi waliwashonea pembetatu ya waridi wanaume waliofungwa kambini kwa kupenda wanaume wenzao.

Uholanzi ndiyo nchi ya kwanza kuhalalisha ndoa za jinsia moja, tarehe 1 Aprili 2001. Meya wa Amsterdam wakati huo, Job Cohen, alifungisha za mwanzo usiku wa manane.

Ukipanga safari, tiketi za Nyumba ya Anne Frank huuzwa mtandaoni pekee. Mlangoni hupati.