Kwa Kinga Mpaka Kipopo: Jinsi Jamaa Moja Ilivyojifunza Kupumzika

Watu wengi huja hospitalini wakitafuta dawa ya uchovu, dawa ya damu iliyopanda, dawa ya sukari. Twawapa vidonge, na ni vizuri wavimeze kama walivyoagizwa. Lakini sehemu moja ya dawa haiuzwi dukani. Ni kutembea, kulima, kupanda baiskeli, na kupumzika siku moja pamoja na jamaa. Shirika la Afya la Dunia lashauri mtu mzima autumikishe mwili wake kwa nguvu ya kiasi dakika 150 kwa juma, au zaidi. Mtoto afanye hivyo dakika 60 kila siku.

Lakini kila dawa ina kipimo chake. Mimi nafundisha wagonjwa neno hili kila juma. Hata hivyo nililijifunza vema siku ile nilipolikosea mwenyewe, katika nyumba yangu.

Sisi watu wa Lubumbashi hatuna bahari, wala hatuna kisiwa cha kuzunguka wakati wa likizo. Lakini tuna misitu ya miombo, na tuna ziwa la Kipopo, upande wa kaskazini-magharibi ya mji, mwendo wa kilometa 20 na zaidi. Tena tuna kinga, maana ndivyo tuitavyo baiskeli huku kwetu. Kila asubuhi mwaona kinga za wauza makala zikiingia mjini, magunia yamepita kichwa cha mwenye kuzisukuma. Tumezoea kuona kinga kuwa kitu cha jasho tu. Mwaka jana, mwezi wa 7, shule zilipofungwa, mimi na mama wa watoto tulisema, "Safari hii kinga itubebe kwa furaha."

Binti yetu ana miaka 14, naye anajua kuendesha. Mdogo wake ana miaka 9. Huyu ni mtoto wa SS. Jirani zetu walituambia, "Mtoto wa namna hiyo mwacheni nyumbani kwa nyanya yake." Yeye alisikia. Jioni alikuja karibu nami akauliza, "Baba, na mimi nitakwenda?" Nikamjibu, "Utakwenda. Utaketi nyuma yangu."

Ugonjwa wa SS ni nini? Katika damu ya kila mtu mna chembe nyekundu zinazochukua hewa safi mwilini. Chembe nzuri ni za mviringo, laini, nazo hupita upesi hata katika mishipa myembamba sana. Chembe za mtoto wa SS hujikunja zikawa kama mundu. Hukwama katika mishipa, na mahali zilipokwama panauma vikali. Tena huvunjika mapema, na kwa hiyo mtoto hupungukiwa na damu. Huku Kongo inakadiriwa kwamba katika watoto 100 wanaozaliwa, karibu 2 wana ugonjwa huu. Hautoki kwa uchawi, wala si kosa la mama peke yake. Baba na mama, kila mmoja amempa mtoto sehemu yake, na mara nyingi wao wenyewe ni wazima, hawajui kitu. Wazazi wawili wa namna hiyo, kila mimba yao ina nafasi moja katika nne ya kumpata mtoto wa SS.

Mambo manne hasa huziamsha zile chembe zijikunje: baridi, kiu, uchovu mwingi, na homa kama ile ya malaria. Haya yote niliyajua. Nilikuwa nimeyaandika ubaoni mara nyingi.

Basi, siku ile niliwaamsha watu wangu kabla jua halijatoka. Nilitaka tufike mapema, tuwe na siku ndefu. Mji wetu uko juu, zaidi ya meta 1,200, na mwezi wa 7 asubuhi zake ni za baridi kali. Tuliomba, tukaondoka. Mimi niliyekuwa nikikanyaga pedali nilipata joto upesi, hata nikafungua vifungo vya koti. Sikufikiri kwamba yule aliyeketi nyuma hakanyagi kitu. Alikuwa na shati na sweta nyepesi tu, na upepo wote ulimpiga miguuni. Nilikaza mwendo. Binti yangu aliita, "Baba, polepole!" Nikajibu tu, "Njoni, njoni!"

Tulipopita nyumba za mwisho, nikasikia mkono mdogo ukinivuta koti. Akasema, "Baba, magoti yananiuma." Nilisimama. Vidole vyake vilikuwa baridi kama chuma.

Kando ya barabara wachukuzi wawili wa makala walikuwa wakiota moto, kinga zao zimeegemezwa kwa vijiti. Waliponiona nimembeba mtoto, hawakuuliza mengi. Mmoja alitandika gunia karibu na moto, akasema, "Mama, mkalishe hapa." Mama wa watoto alivua kitenge chake cha juu, akamfunga miguu. Tulimnywesha chai ya moto, kikombe baada ya kikombe, tukampa dawa ya maumivu ambayo daktari ametuagiza tuwe nayo siku zote. Hakuwa na homa, wala hakuumwa kifua. Baada ya saa moja na nusu maumivu yalipungua, akaomba mkate.

Hapo nilifanya kosa la pili. Nilisema, "Amepona, twende mbele." Mke wangu alinitazama. "Baba," akasema, "geuza kinga. Ziwa halitakimbia."

Tuligeuza. Njiani hakuna aliyesema neno. Mimi, mwenye kuwafundisha wengine, niliona haya. Usiku ule nilimwambia mwanangu, "Kosa lilikuwa langu, si lako." Maana nilijua alikuwa akilala na wazo kwamba yeye ndiye aliyeharibu likizo ya nyumba nzima.

Mwezi wa 8 ulipokuwa karibu kwisha tulijaribu tena. Kwanza nilimpeleka mtoto kwa daktari wake, akampima, akakubali. Safari hii tuliondoka saa tatu ya asubuhi, jua limekwisha kupasha nchi. Mtoto alivaa soksi mbili, suruali nzito na koti. Nilimwekea mto juu ya chuma cha nyuma, na kibao kila upande ili mguu wake usiingie katika spoki, kwa sababu nimeosha vidonda vingi vya namna hiyo. Tena tulimpa kazi: awe mwenye saa. Kila nusu saa alipiga kengele, na sote tulisimama, tukanywa maji, yeye akashuka akatembea kidogo. Mama yake alitangulia, maana ndiye mwenye mwendo wa polepole, na mimi nilikuwa wa mwisho.

Kwa mwendo ule tulitumia karibu saa tatu. Lakini safari hii niliiona njia. Majani mapya mekundu ya miombo yalikuwa yakichipuka kabla ya mvua. Tuliwapita watu wa makala, tukawasalimu, nao wakacheka kuona kinga iliyobeba mto na mtoto. Tulipoyaona maji, mwanangu alipiga kengele kabla ya saa yake.

Tulikula bukari baridi, samaki, karanga na machungwa chini ya mti. Watoto wakataka kuingia majini. Hapo tulikataa. Katika maji matulivu yenye majani na konokono hukaa vijidudu vya kichocho. Havionekani kwa macho, na kwa dakika chache tu hupenya ngozi ya mtu. Baada ya majuma au miezi mtu huanza kukojoa damu, au kuhara damu, na tumbo kuuma. Dawa yake iko, nayo ni nzuri, lakini ni heri kutougua. Tena ugonjwa huu huenea kwa mkojo na mavi ya watu yanayoingia majini. Kwa hiyo tulitumia choo, si vichaka vya pwani. Watoto walicheza mpira katika nchi kavu, mtoto wetu akawa mlinda mlango. Alipochoka aliketi mwenyewe, bila kuambiwa. Tulirudi nyumbani kabla jua halijatua, kabla ya baridi na mbu.

Ndugu, mkitaka kufanya siku kama hii, shikeni maneno haya:

1. Mwenye ugonjwa wa moyo, damu iliyopanda, sukari, SS au mimba amwone daktari kwanza. Asiache dawa zake siku ya safari.

2. Pimeni breki, mnyororo na tairi. Chukueni pampu. Barabarani fuataneni mmoja nyuma ya mwenzake, mbali na malori.

3. Chukueni maji yaliyochemshwa, mengi kuliko mnavyodhani. Msingoje kiu.

4. Anayeketi nyuma avae zaidi ya anayekanyaga. Wakati wa jua kali, kila mtu avae kofia.

5. Mtu akiumwa kifua, akikosa pumzi au akiona kizunguzungu, simameni mara moja. Msiseme, "Tumekaribia."

6. Mtoto wa SS mwenye homa, maumivu yasiyotulia, kifua kinachouma, weupe wa macho na viganja, tumbo linalovimba upande wa kushoto, au udhaifu wa upande mmoja wa mwili, apelekwe hospitali saa ile ile. Msingoje kesho.

Na ninyi mlio na mtoto mgonjwa nyumbani, msimfungie. Mtoto anayefichwa hupata ugonjwa wa pili, ule wa kujiona mzigo. Mchukueni pamoja nanyi, kwa kipimo chake. Sisi tulipofika nyumbani jioni ile, mwanangu alimwendea nyanya yake, akamwambia, "Nyanya, mimi ndiye niliyewaongoza." Naye alisema kweli. Jamaa inayosafiri kwa mwendo wa mnyonge wake hufika wote.