Kufungua Parafujo Zilizoshika Kutu katika Mabati ya Ndege

Baadhi ya mabati ya alumini yafunikayo mwili wa ndege hufungwa kwa parafujo za chuma. Maji yapenyapo kati ya madini hayo mawili, kutu hutokea, na parafujo hushikamana na bati kabisa. Fundi asiye na subira huviharibu vichwa vyake kwa bisibisi.

Fundi mwenye busara kwanza hukwangua rangi na uchafu, kisha hutia mafuta mepesi na kuyaacha usiku kucha. Asubuhi huchagua bisibisi inayokaa sawasawa, huigonga kidogo kidogo kwa nyundo, kisha huizungusha huku akiikandamiza. Hatumii moto, kwa maana joto huidhoofisha alumini. Kichwa kikiisha kuharibika, hukitoboa kwa keekee hata kikatike, huondoa bati, ndipo huzungusha kipande kilichosalia kwa koleo.

Parafujo mpya lazima iwe ya kipimo kilichoandikwa kitabuni. Mwaka 1990, kioo cha mbele cha ndege moja ya Uingereza kilifungwa kwa parafujo 90, na 84 kati yake zilikuwa nyembamba mno. Kioo kiling'oka angani, rubani akavutwa nje nusu ya mwili. Watumishi wa ndege walimshikilia hata ilipotua, naye akapona.