Uko Bize, Lakini Unaenda Wapi?

Saa kumi na moja alfajiri umeshaamka. Shule, tuisheni ya Hesabu, mazoezi, kwaya, halafu tuisheni ya Kemia mpaka saa mbili usiku. Ukiulizwa "vipi?" unajibu, "Niko bize kinoma!" Sawa. Sasa hebu jiulize: mbio zote hizo zinakupeleka wapi?

Usikasirike, mimi mwenyewe nilikuwa hivyo hivyo. Kidato cha Pili nilimtangazia kila mtu kwamba nitakuwa daktari. Nilikuwa klabu ya Ukimwi, klabu ya mazingira, timu ya netiboli na tuisheni mbili. Ulipofika wakati wa kuchagua masomo ya Kidato cha Tatu, marafiki zangu waliacha Fizikia, na mimi nikaiacha. Fomu niliijaza nikiwa mbioni kwenda mazoezini.

Hakuna aliyeniambia, na mimi sikumwuliza mtu, kwamba shahada ya udaktari hapa Tanzania inataka ufaulu Fizikia, Kemia na Biolojia Kidato cha Sita. Hata stashahada ya utabibu, ile unayoweza kuingia baada ya Kidato cha Nne, inaitaka hiyo hiyo Fizikia. Kumbe mlango niliufunga mwenyewe, na wala sikusikia ukijifunga. Kazi yangu ya kuelimisha vijana naipenda, lakini nikipita wodini mpaka leo kuna kitu kinanichoma.

Tuseme ukweli, ubize una raha yake. Walimu wanakusifu, nyumbani hawakusumbui, na wewe hupati nafasi ya kujiuliza swali gumu. Tena unakula usingizi. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala kwa saa 8 hadi 10, na ni usingizini ndipo ubongo unapohifadhi yale uliyosoma mchana. Ukijinyima usingizi kwa ajili ya tuisheni ya pili, unaipoteza na ile ya kwanza.

Basi chukua daftari. Kwa wiki moja andika kila unachofanya baada ya vipindi, na kando yake andika sababu. "Wenzangu wanaenda" nayo ni sababu, iandike hivyo hivyo. Mpira unaupenda tu? Safi kabisa, uache ubaki, mwili unauhitaji.

Kisha mtafute mtu mmoja anayefanya kazi unayoitamani, awe muuguzi wa zahanati, fundi umeme, yeyote. Msalimie, mwulize alisoma masomo gani na siku yake inakwendaje. Wengi hufurahi kuulizwa. Pengine utasikia habari za zamu za usiku ukagundua kazi yenyewe huitaki, na hiyo nayo ni faida. Sifa za kuingia vyuoni hubadilika, kwa hiyo mwombe mwalimu wa taaluma mwongozo wa mwaka huu wa TCU kwa vyuo vikuu, au wa NACTVET kwa vyuo vya kati.

Bado hujui unataka nini? Hakuna neno, wengi wa umri wako hawajui. Lakini siku fomu ya kuchagua masomo ikiletwa darasani, usiijaze hapo hapo huku unachungulia ya jirani. Omba ukalale nayo siku moja.