Oksijeni kwa Rubani wa Glaida

Glaida, yaani ndege isiyo na injini inayopaa kwa kutegemea mikondo ya hewa inayopanda, inaweza kumfikisha rubani kwenye kimo ambacho mapafu ya binadamu hayawezi kukistahimili, kwa sababu katika mita 5,500 mgandamizo wa hewa huwa karibu nusu ya ule wa usawa wa bahari, ingawa kiwango cha oksijeni katika hewa hiyo hubaki asilimia 21 ileile. Upungufu wa oksijeni mwilini, ambao wataalamu huuita haipoksia, ni adui wa hila kwelikweli: hauumizi, bali humlevya rubani na kumpa furaha isiyo na msingi huku akili ikififia, na katika mita 7,600 asiye na oksijeni ya ziada hubakiwa na dakika 3 hadi 5 tu za kutenda kwa akili timamu.

Kifaa cha oksijeni cha kubebeka huwa na mtungi mdogo wa gesi iliyoshindiliwa, kidhibiti kinachopunguza mgandamizo wake, na mrija wa puani, ambao kwa kawaida huachwa na barakoa ikavaliwa rubani apitapo mita 5,500. Vidhibiti vya kielektroniki huhisi pumzi inapoanza kuvutwa na kutoa gesi wakati huo tu, hivyo mtungi hudumu zaidi. Mafuta na grisi visiguse vali kamwe, kwani panapo oksijeni tupu huwaka kwa urahisi wa kutisha.

Mwaka 1986, huko California, Robert Harris alifika mita 14,938 akiwa ndani ya glaida isiyoshindiliwa hewa, akitegemea oksijeni ya mtungi.