Maswali Yatanguliayo Macho

Mtu atakaye kununua gari lililokwisha kutumika, kutoka mkononi mwa mtu binafsi, hapa Dar es Salaam na katika miji mingi ya mwambao, aghalabu huyafungua mazungumzo kwa maneno mawili yasiyo na salamu: "Mwisho ngapi?" Hajajua gari ni la nani, wala limepita mikono mingapi, wala kadi yake imo kabatini mwa mwenyewe au imewekwa rehani benki; lakini amekwisha kuanza kupunguza bei ya kitu asichokijua thamani yake. Muuzaji naye, akitambua kwamba aliyempigia simu hatafuti ukweli bali nafuu, humjibu kwa maneno ambayo soko zima limeyahifadhi kwa moyo: gari liko vizuri, injini haijafunguliwa, AC inagandisha, ni kuwasha na kuondoka. Huagana kuonana Jumamosi. Na Jumamosi ikifika, gari huwa limeoshwa juu na chini, matairi yamepakwa dawa yang'ae, na injini imewashwa tangu alfajiri hata ikawa moto, kwa sababu ambazo nitazieleza punde.

Rai yangu ni kwamba sehemu kubwa ya kazi ya kununua gari la mtu hufanyika kabla ya macho kuliona. Mtu aliyekwisha kukaa kwenye usukani, akavuta harufu ya viti vilivyosafishwa, akajiona katika kioo cha pembeni akiingia nyumbani kwake mbele ya majirani, huyo hana tena masikio ya kusikilizia majibu. Tamaa imekwisha kumnunulia gari; kilichobaki ni fedha kubadili mikono. Maswali yaulizwayo kwa simu au kwa maandishi, siku mbili tatu kabla ya kuonana, huulizwa na mtu ambaye akili yake ingali yake.

Iko sababu nyingine, nayo ni ya kisheria, ambayo wanunuzi wengi hawaijui. Ukinunua gari katika yadi, muuzaji ni mtu ambaye kazi yake ni magari, na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, tuliyoirithi kwa Waingereza na ambayo mizizi yake ni sheria yao ya mwaka 1893, humtwika ahadi ya ubora wa bidhaa yake hata kama hakutamka neno. Mwalimu au mhasibu auzaye gari lake moja ili alipe karo za watoto hakutwikwa mzigo huo. Sheria humtaka awe na haki ya kukiuza anachokiuza, na kitu chenyewe kilingane na sifa alizokipa. Lakini juu ya uzima wa injini, asipoulizwa, anaweza kunyamaza, na ukimya wake peke yake, kwa mujibu wa Sheria yetu ya Mikataba ya mwaka 1961 iliyofuata nyayo za sheria ya India ya mwaka 1872, kwa kawaida hauhesabiwi kuwa ni hadaa. Mambo hubadilika anapoulizwa. Jibu ni kauli, na kauli ya uongo iliyomfanya mwenzako atoe fedha zake yaweza kuutangua mkataba. Kwa hiyo swali la maandishi, hata liwe ujumbe wa WhatsApp, lina nguvu ambayo mazungumzo ya barazani hayana, kwa kuwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 haikubali ushahidi ukataliwe kwa sababu tu umo katika simu. Hata hivyo sheria haikuwekwa ili impumzishe mzembe: yule ambaye angaliweza kuugundua ukweli kwa bidii ya kawaida, naye hakujishughulisha, mara nyingine huinyima nafsi yake haki ya kulalamika. Kuuliza hakumwondolei mtu wajibu wa kwenda na fundi.

Wazee wetu wa pwani walikuwa na njia nyingine ya kulitazama jambo hili. Katika fikihi ya madhehebu ya Shafii, iliyoongoza bei na shira za Waislamu wa mwambao kwa karne nyingi, auzaye kitu chenye aibu anayoijua analazimika kuibainisha, awe mfanyabiashara au asiwe. Na mnunuzi akiigundua aibu ya tangu zamani iliyopunguza thamani ya kitu, anayo khiari ya kukirudisha. Hata asemaye "nauza kama kilivyo, sidaiwi aibu yoyote" hajikomboi kwa maneno hayo: kwa kauli iliyo mashuhuri katika madhehebu, sharti hilo humfaa tu katika aibu ya ndani ya mnyama ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Gari si mnyama, ingawa wapo wanaolipiga teke likikataa kuwaka. Na mahakama za leo hazihukumu mauzo ya Toyota kwa fikihi. Lakini ni jambo la kustaajabisha kidogo kwamba mnunuzi wa punda katika soko la Lamu la zamani alikuwa na kinga ambayo mnunuzi wa leo hanayo mpaka aitafute kwa ulimi wake.

Basi na aulize nini? Kwanza aulize milki: kadi ya gari ina jina la nani, na huyo mwenye jina ndiye nitakayeonana naye? Swali hili moja humtenga mwenye gari na dalali ajifanyaye mwenye gari, maana dalali, akiulizwa gari lilinunuliwa lini na lilifanyiwa matengenezo gani mara ya mwisho, husema atamuuliza mwenyewe. Sina ugomvi na madalali, nao wana kazi yao na haki yao; ila mtu ajue anazungumza na nani, na ujira wa mtu wa kati atautoa nani. Yapo magari yaliyouzwa mara mbili na mara tatu kwa mikataba bila umiliki kuhamishwa katika daftari la Mamlaka ya Mapato, hata jina lililomo katika kadi ni la mtu aliyehama mji au aliyefariki dunia. Akiwa amefariki, mtoto wake hana haki ya kuuza kwa sababu tu funguo zimo mfukoni mwake. Mwenye haki ni msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama, na nakala ya hati yake yaweza kuombwa kabla ya nauli ya kwenda kuliona gari haijatoka. Ikiwa "kadi iko benki", ulizwe mkopo umebaki kiasi gani na nani ataumaliza. Na ikiwa gari liliingia nchini kwa msamaha wa kodi, kama yalivyo mengi ya miradi ya wafadhili yenye namba za DFP, ulizwe kama kodi iliyosamehewa imekwisha kulipwa, kwa maana deni la namna hiyo halikai kwa aliyeuza.

Baada ya milki huja historia ya matumizi. Tangu Uber ilipoanza Dar es Salaam mwaka 2016, na kampuni nyingine zikafuata, magari madogo kama IST, Passo na Vitz yamekuwa yakichapa kazi mchana na usiku mikononi mwa madereva wa hesabu, kisha hurudi sokoni yakiitwa gari la mama aendaye kazini na kurudi. Kufanya teksi si dhambi, na gari la namna hiyo lililotunzwa laweza kuwa bora kuliko lililosahauliwa uani. Lakini bei zao si moja. Ukitaka kujua kilomita za kweli, usiulize mita inasoma ngapi, kwa kuwa mita hurudishwa nyuma. Uliza kama zipo karatasi za kuingizia gari. Cheti cha kusafirishia nje kitolewacho Japani huandikwa kilomita, na mtu aliyeliagiza gari mwenyewe mara nyingi anacho katika faili, pengine pamoja na karatasi ya mnada yenye daraja la gari, ambamo herufi R huashiria gari lililopata ajali likatengenezwa.

Sasa nifikie injini, ambayo ndiyo roho ya biashara. Ombi lililo na manufaa kuliko maswali yote ni hili: "Tafadhali usiliwashe kabla sijafika." Injini iliyolala usiku kucha haina pa kuficha ila yake. Ikiwashwa ingali baridi, betri dhaifu hujulikana, mlio wa vyuma vilivyokosa oili husikika kwa nukta chache kisha hutoweka, na moshi wa kwanza husema mengi: wa buluu ni oili iingiayo mahali pasipo pake, mweusi ni petroli iliyozidi, na mweupe usiokoma injini ikisha pata moto ni maji yapenyayo katika gasketi ya silinda hedi. Injini iliyokwisha kuchemshwa kwa saa nzima huyafunika mengi ya haya. Muuzaji akiombwa hivyo akakubali, kisha mnunuzi akaweka kiganja juu ya boneti akaikuta ina moto, mnunuzi huyo amekwisha kupewa jibu.

Katika joto la nchi yetu swali linalofuata ni la maji. Limewahi kuchemsha? Aghalabu utaambiwa hapana, hivyo ni heri kuuliza kwa upande: feni inajiwasha yenyewe au imeungwa moja kwa moja, na thamostati imo au ilitolewa? Ni desturi ya baadhi ya mafundi wetu, gari likisumbua kwa joto, kuitoa thamostati na kuiunga feni izunguke daima, na kwa njia hiyo ugonjwa hunyamazishwa badala ya kuponywa. Mwenye gari hulijibu swali hili kwa urahisi, tena huona kama sifa ya fundi wake, bila kutambua kwamba amekiri kuwa gari liliwahi kuchemsha. Kadhalika katika gia: uliza haidroliki ilibadilishwa lini na ni ya aina gani, maana gari lenye gia ya CVT hutaka mafuta yake mahususi, na wapo waliowekewa ya kawaida kwa kutafuta unafuu.

Usisahau mafuriko. Tangu yale makubwa ya Desemba 2011, bonde la Msimbazi hapa Dar es Salaam limekwisha kufurika mara kadhaa, na gari lililozama hata kwenye viti laweza kukaushwa likapendeza, kisha nyaya zake zikaoza polepole kwa miezi. Picha nazo ziombwe, lakini zisiwe zile za tangazo. Iombwe video fupi ya dashibodi ufunguo ukiwa umezungushwa bila kuwasha injini: taa ya injini yapasa iwake, kisha izimike injini ikiunguruma, isiyowaka kabisa pengine imetolewa balbu. Iombwe picha ya ubavu wa tairi, ambapo tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ni juma na mwaka wa kutengenezwa, na kwa hiyo 3518 ni juma la 35 la mwaka 2018.

Haya yote yaulizwe kwa adabu, kwa kuwa muuzaji binafsi si mshitakiwa. Ujumbe wa namna hii huwa unatosha: "Habari za leo, kaka. Nimeliona tangazo la RAV4 yako na limenipendeza. Kabla sijakusumbua, naomba unisaidie machache: kadi ina jina lako? Umekaa nalo muda gani? Ni kitu gani ambacho ungekitengeneza kwanza kama usingeliuza?" Swali la mwisho nalipenda kuliko yote, kwa kuwa halimtaki mtu akiri aibu, bali linamwomba ushauri, na Mswahili aombwaye ushauri ni nadra kuutia kufuli. Ajibuye "Karibu sana, ndugu yangu, kwa kweli shokapu za nyuma zimechoka, na dirisha la kushoto hupanda kwa kusaidiwa" amejipatia bei nzuri zaidi kuliko anavyodhani. Ajibuye "wewe njoo uone, gari linajieleza" ameliachia gari liseme lile ambalo yeye hataki kulisema.

Mwanauchumi George Akerlof aliandika mwaka 1970 juu ya soko la magari yaliyotumika, na mwaka 2001 akashiriki Tuzo ya Nobel kwa elimu ya namna hiyo: alionyesha kwamba mnunuzi asiyeweza kulipambanua zima na bovu hutoa bei ya wastani kwa yote, na mwenye gari zima, akiona bei hiyo haimtoshi, huliondoa sokoni, yakabaki mabovu. Mnunuzi aulizaye maswali ya maana humpa muuzaji mwaminifu nafasi ya kujitenga na kundi, na ndiyo maana muuzaji wa namna hiyo haudhiki kuulizwa.

Kabla ya kuagana juu ya siku na mahali, iombwe namba ya gari na namba ya chesisi. Kwa namba ya gari mtu huweza kuangalia faini za trafiki zisizolipwa, ushuru wa maegesho, na kama bima yake inatambulika. Asitume fedha ya "kulishikilia" gari ambalo hajaliona, hata akiambiwa yupo mtu njiani anakuja na fedha taslimu. Faini ya shilingi 30,000 iliyosahauliwa haitoshi kuwa sababu ya kuliacha gari zuri. Inatosha tu kuandikwa katika mkataba mbele ya wakili, pamoja na jina la atakayeilipa na tarehe ambayo asiivuke.