Kizito Alibatizwa Usiku: Ubatizo Ulimaanisha Nini Munyonyo

Mzazi wa Kitanzania au Mkenya anayeishi ughaibuni akienda parokiani kuombea mtoto ubatizo, mara nyingi hukutana na maswali ambayo hakuyatarajia. Semina ya wazazi mtahudhuria lini? Wasimamizi wamepata kipaimara? Vyeti vyao viko wapi? Huku nyumbani ukumbi umeshalipiwa, sare za vitenge zimeshonwa, na shangazi ameshakata tiketi ya ndege. Wengi huishia kunung'unika kwamba Wazungu wamezidi urasimu. Lakini masharti haya ni ya kale mno, na kandokando ya Ziwa Victoria yaliwahi kushikwa kwa ukali kuliko parokia yoyote ya leo.

Wamisionari wa Kikatoliki waitwao Mapadre Weupe walifika Buganda mwaka 1879. Mwanzilishi wao, Charles Lavigerie, alikuwa ameagiza mtu afundishwe na kupimwa kwa miaka minne kabla ya kubatizwa. Alilitazama Kanisa la karne za mwanzo. Hati ya kale iitwayo Mapokeo ya Mitume inataja miaka mitatu ya mafundisho, tena mwombaji aliulizwa hata kazi anayoifanya. Mtengeneza sanamu za miungu aliambiwa aache. Aliyepigana na kuua ili kuburudisha watazamaji aliambiwa aache. Asipokubali, alirudishwa.

Ukali huo ulikuwa na msingi wake. Katika barua kwa Warumi, sura ya 6, Mtume Paulo anafundisha kwamba anayebatizwa anazikwa pamoja na Kristo ili aishi maisha mapya. Anayezikwa hawezi kuendelea na shughuli zake za jana kana kwamba hakuna lililotokea. Hata hivyo, Paulo huyohuyo aliwaandikia Wakorinto, watu waliokuwa wakigombana na kushtakiana mahakamani, akasema wametakaswa na wameitwa kuwa watakatifu. Hakuwangojea watengemae ndipo awape heshima hiyo. Utakatifu wanapewa kwanza, kisha wanadaiwa waishi kulingana nao.

Buganda deni hilo lilidaiwa mapema sana. Kabaka Mwanga aliwahofia wageni waliokuwa wakikaribia ufalme wake, na alighadhibishwa na vijana wa ikulu waliokataa matakwa yake ya kimwili kwa sababu ya imani yao. Tarehe 15 Novemba 1885 aliamuru Yosefu Mukasa Balikuddembe, aliyekuwa akiwaongoza vijana hao Wakatoliki, auawe. Siku hiyohiyo Karoli Lwanga, aliyechukua nafasi yake, aliharakisha kubatizwa.

Miezi sita baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei 1886, vijana wakiwa Munyonyo, kwenye makao ya Kabaka, walijua kesho ni hukumu. Baadhi yao walikuwa bado wakatekumeni, yaani wakifundishwa kabla ya ubatizo. Mmoja ni Kizito, mvulana wa miaka kama 14, aliyekuwa ameomba ubatizo mara nyingi akaambiwa asubiri. Padre hakuwepo. Lwanga, mlei aliyebatizwa juzijuzi tu, akawabatiza mwenyewe: Kizito, Gyavira, Mugagga na Mbaga Tuzinde. Kanisa linaruhusu hivyo hadi leo: penye hatari ya kifo, mtu yeyote anaweza kubatiza, mradi atumie maji, aseme maneno ya Utatu na akusudie kile ambacho Kanisa hukusudia.

Tarehe 3 Juni walichomwa moto Namugongo. Ubatizo wa Kizito ulidumu siku nane hapa duniani.

Katika Mashahidi 22 wa Kikatoliki waliouawa wakati wa Mwanga hakuna padre hata mmoja. Matiya Mulumba Kalemba alikuwa mwamuzi wa kesi. Andrea Kaggwa aliongoza wanamuziki wa Kabaka. Nowa Mawaggali alikuwa mfinyanzi. Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukiendelea, na katika mahubiri yake aliwakumbuka pia Waanglikana waliouawa nao. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 21 Novemba, Mtaguso ukatoa hati ya Lumen Gentium, ambayo sura yake ya tano inafundisha kwamba Wakristo wote, wa kila hali na daraja, wameitwa kwenye utakatifu. Buganda mfinyanzi alikuwa ameshaishi fundisho hilo miaka 78 kabla halijaandikwa.

Ndugu zetu Wapentekoste na Wabaptisti watauliza: mtoto mchanga atazikwaje na Kristo naye hajui kitu? Swali hili liliwagawa Wakristo wa Zürich mwaka 1525, na halijaisha. Wakatoliki, Waanglikana na Walutheri hujibu kwamba neema humtangulia mtu, na imani ya wazazi na Kanisa humbeba mtoto mpaka aikiri mwenyewe. Jibu hilo ndilo linalomfanya paroko auulize sana upande wa wazazi. Mtoto akibatizwa kwa imani ya watu wengine, lazima watu hao wawepo, na imani hiyo iwepo.

Kwa hiyo msimamizi asichaguliwe kwa sababu ana gari zuri au mchango mnono. Achaguliwe atakayempigia mtoto simu akifika miaka 15, wakati ugenini hakuna jumuiya ndogo ndogo ya majirani wa kumuuliza mbona hakuonekana kanisani. Semina ya parokia nayo ni saa chache tu, ukilinganisha na miaka minne ya Lavigerie. Kizito alipewa siku nane za kuishi ahadi zake, tena zote akiwa kifungoni. Mtoto wetu huenda akapewa miaka themanini, akiwa huru kuziacha wakati wowote, na kwa sababu hiyo anahitaji kuandaliwa vizuri zaidi.