Jangwa Lina Wenyewe

Nilifundisha fizikia sekondari mjini Morogoro mpaka nikastaafu. Karibu kila darasa, tulipofika kwenye mada ya mionzi, kuna mwanafunzi wa viti vya nyuma aliyenyoosha mkono na kuuliza: "Mwalimu, kama bomu lenyewe linaua hivyo, walilijaribia wapi?" Muhtasari wa somo hauna jibu. Unataka mtoto ajue alfa, beta na gama, akokotoe, afaulu mtihani. Jibu nililitafuta vitabuni kwa muda wangu, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona kwamba swali lile lina mwenzake: waliokuwa wakiishi huko, nani aliwauliza?

Bomu la kwanza lililipuliwa na Marekani tarehe 16 Julai 1945, kwenye jangwa la New Mexico. Tangu siku hiyo dunia imepigwa na milipuko ya majaribio zaidi ya 2,000. Marekani ina zaidi ya nusu ya hiyo, Umoja wa Kisovieti 715, Ufaransa 210, Uingereza na China 45 kila moja. India, Pakistan na Korea Kaskazini zilifuata. Na sehemu kubwa ya urani iliyoiwezesha Marekani kuanza ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, kwa ndugu zetu wasemao Kiswahili, ikasafirishwa kwa siri kuvuka bahari.

Afrika haikutoa mawe tu. Tarehe 13 Februari 1960, saa za alfajiri, Ufaransa ililipua bomu lake la kwanza Hamoudia, karibu na Reggane, kusini mwa Algeria. Lilikuwa la kilotani 70 hivi, zaidi ya mara nne ya lile la Hiroshima. Walilipa jina la kipanya wa jangwani: Gerboise Bleue. Serikali ya Paris ilikuwa imeieleza dunia kwamba eneo hilo ni tupu. Lakini Reggane ni mji wa chemchemi. Watu wa upande ule wamechimba mifereji chini ya ardhi kwa karne nyingi kuleta maji kwenye bustani za mitende, na mtu hachimbi mfereji mahali asipokusudia kuishi.

Waafrika hawakunyamaza. Desemba 1959 msafara wa wapinzani ulitoka Accra kwa magari ukielekea Sahara, wakiwamo Waghana, Bayard Rustin kutoka Marekani na Mchungaji Michael Scott wa Uingereza. Wafaransa waliuzuia mara tu ulipoingia nchi ambayo leo ni Burkina Faso. Bomu lilipolipuka, Kwame Nkrumah alizuia mali za Wafaransa nchini Ghana. Baada ya mlipuko wa tatu, Nigeria, iliyokuwa na miezi michache tu ya uhuru, ilimfukuza balozi wa Ufaransa, Januari 1961.

Baada ya milipuko minne ya hewani, Wafaransa walihamia In Ekker, kwenye milima ya Hoggar, wakachimba mahandaki ndani ya mwamba. Chini ya ardhi, walisema, hakuna kitakachotoka. Tarehe 1 Mei 1962 walilipua bomu lililoitwa Béryl, mbele ya mawaziri wawili, Pierre Messmer na Gaston Palewski. Kizibo cha handaki kilishindwa. Moto, mwamba ulioyeyuka na wingu la vumbi lenye mionzi vilitoka ubavuni mwa mlima, na watu wakatimua mbio, wakubwa kwa wadogo. Mawaziri walipelekwa kuoga na kubadilishwa nguo. Palewski alifariki mwaka 1984 kwa saratani ya damu, na mwenyewe aliamini ilianzia siku ile. Wafugaji wa Kituareg walibaki na mbuzi wao, visima vyao na upepo ule ule. Algeria ilipata uhuru Julai 1962, lakini kwa makubaliano yaliyosainiwa Évian, Ufaransa iliendelea kutumia viwanja vyake. Kati ya majaribio 17 ya Sahara, 11 yalifanyika baada ya uhuru huo. La mwisho lilikuwa mwaka 1966.

Sasa hatari yenyewe. Mlipuko huisha kwa sekunde, lakini vumbi lake hubaki. Darasani niliwagawia wanafunzi vipande 64 vya karatasi ngumu vilivyopakwa wino upande mmoja. Wanavirusha mezani, kila kilichoangukia upande wa wino kinatolewa. Vinabaki kama 32, kisha 16, kisha 8. Atomu zenye mionzi huisha hivyo hivyo, nusu kwa nusu, na kila aina ina muda wake wa kurusha. Iodini-131 hupungua nusu kwa siku 8. Strontiamu-90 na sesiamu-137 huchukua miaka 30 hivi. Plutoniamu-239 huchukua miaka 24,000.

Iodini ndiyo yale madini joto tunayoyasoma kwenye pakiti ya chumvi. Tezi ya shingo inayahitaji, na haina uwezo wa kutofautisha ya dukani na ya bomu, inakusanya yote. Tezi ya mtoto ni ndogo na inafanya kazi kwa kasi, kwa hiyo mtoto ndiye huumia zaidi.

Hayo yalionekana Rongelap, katika visiwa vya Marshall, bahari ya Pasifiki. Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la Bravo huko Bikini. Wataalamu walitarajia megatani 6, zikatoka 15, karibu mara 1,000 ya Hiroshima, kwa sababu aina moja ya lithiamu waliyodhani haitashiriki ilishiriki. Matumbawe yalisagika, yakapanda angani, yakashuka Rongelap kama unga mweupe. Watoto waliuchezea. Uliingia kwenye maji ya kunywa na kwenye chakula. Kabla ya kupambazuka kesho yake watu walikuwa wakitapika, ngozi ikiwaka, na baadaye nywele zikanyonyoka. Waliondolewa baada ya siku mbili. Mwaka 1957 waliambiwa kisiwa ni salama, wakarudi. Miaka iliyofuata wengi wa waliokuwa watoto siku ile walipata uvimbe wa tezi na kupasuliwa. Mwaka 1985 walikihama kisiwa chao kwa hiari yao, kwa meli ya Greenpeace. Unga huo huo uliwaangukia wavuvi 23 wa Kijapani. Mmoja wao, Aikichi Kuboyama, alikufa Septemba 1954.

Watu wa Bikini wenyewe waliulizwa, ikiwa kuulizwa ndiko huko. Februari 1946 ofisa wa jeshi la majini la Marekani aliwakusanya baada ya ibada ya Jumapili, akawaomba wapishe kwa muda, kwa faida ya wanadamu wote. Walikuwa 167. Hadi leo kisiwa hakijawa makazi yao ya kudumu tena.

Msomaji atasema: mbona Marekani ilijaribu pia kwake, Nevada? Ni kweli. Lakini ilisubiri upepo usioelekea Los Angeles, na vumbi likaenda kwa wafugaji na wakulima wa Utah. Wasovieti walilipua mabomu 456 kwenye nyika ya Kazakhstan, mbali na Moscow. Waingereza walikwenda Maralinga, kwenye ardhi ya wenyeji asilia wa Australia. China ilichagua Lop Nur, katika nchi ya Wauighuri. Kila mji mkuu ulijua hatari ilivyo, ndiyo maana kila mmoja uliipeleka kwa watu wasio na sauti ndani yake.

Hata hivyo, upepo hauna mpaka. Strontiamu hufanana na kalsiamu: hunyonywa na majani, ng'ombe akala, ikaingia kwenye maziwa, kisha kwenye mifupa na meno. Kina mama wa St. Louis, Marekani, walikusanya meno ya utoto ya watoto wao kwa maelfu, na maabara ikaikuta humo. Kelele za namna hiyo zilisaidia kuleta mkataba wa Agosti 1963 uliopiga marufuku majaribio ya hewani, angani na baharini. Ufaransa na China hazikusaini.

Mkataba wa mwaka 1996 unakataza majaribio yote, lakini haujaanza kufanya kazi kisheria kwa sababu baadhi ya wakubwa hawajauridhia, na Urusi iliondoa ridhaa yake mwaka 2023. Vyombo vyake vya kunasa majaribio, hata hivyo, viko kazini. Cha Dar es Salaam hunasa vumbi lenye mionzi hewani, na Kenya inavyo vya kupima mitetemo ya ardhi na mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio. Atakayelipua kesho atajulikana.

Waliolipua zamani ndio hawabanwi. Wafaransa walipoondoka Sahara walifukia mitambo na taka mchangani, na Algeria imekuwa ikidai ramani za mahali hapo. Zaidi ya miaka hamsini baadaye, ramani hizo haziwezi kuwa siri ya vita yoyote. Mtu wa Reggane anayetaka kuchimba kisima anastahili kuziona kabla hajashika jembe.